Ng'ombe wa Mwisho wa Benedeta

Mwaka 1964, ndani ya basi la kutoka Tororo kwenda Busia, mbele yangu alikaa Wabwire, mkulima wa Dabani, mwenye kamba ya ng'ombe mapajani. Kando yake alikuwa Syprose, muuza samaki wa upande wa Kenya.

"Mke alirudi kwao ng'ambo ya mpaka," Wabwire akamweleza. "Baba yake alirudisha ng'ombe ya mahari yote, lakini moja ilizuiwa mpakani, karantini ya ugonjwa wa ng'ombe. Sasa wamefungua, nakwenda kuleta."

"Basi furahi, ndugu yangu."

"Kwetu ng'ombe ya mwisho ikirudi, Benedeta si mke tena. Mwaka mzima nakumbuka vile anacheka, najiambia bado ni wangu kidogo."

"Mke wa karantini," Syprose akacheka. "Kwani unataka ng'ombe ama unataka Benedeta?"

"Mama, sijui."

Mpaka ule Wazungu waliuchora katikati ya maboma ya Wasamia, sijasahau. Uhuru ulikuja, lango likabaki. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimsikia mtu akisikitika kwamba limefunguliwa.

Basi likasimama Busia. Syprose akashuka na makapu yake, nami nikafuata. Wabwire alibaki kitini, akipiga fundo kwenye kamba na kulifungua.