Hela Mikononi mwa Wengine

Katika kibasi cha kwenda Dikmen, jijini Ankara, redio ilitangaza kwamba gavana mwingine wa benki kuu amefukuzwa na rais. "Magavana wapewe muhula wao, wasiguswe ila na bunge," alisema abiria mmoja, Nermin, kwa uchungu. "Bei zimepanda mno, pensheni ya mama yangu sasa inanunua mkate tu."

"Na wakipandisha riba, duka langu likafungwa, nimlaumu nani, binti yangu?" aliuliza mzee aliyeketi nyuma yake. "Mtu nisiyemchagua hashiki hela yangu."

Kisha akamgusa bega, akampa noti ya nauli. Nermin akaipitisha mbele kwa abiria mwingine, naye kwa mwenzake, hadi kwa dereva. Chenji ikarudi kwa mikono ile ile ya watu asiowajua. Mzee akaitia mfukoni bila kuihesabu, akashuka huku bado anabisha.