Papa Muyisa na Sabuni ya Mama Berthe

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, Papa Kambale Muyisa Benoît anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika Imprimerie Tulizo, kiwanda chetu cha uchapaji hapa Butembo. Karibu sote tulimkuta hapa kazini. Hata mkurugenzi wetu, Papa Blaise, alimkuta, na mpaka leo akiingia chumba cha michoro hubisha hodi kwanza.

Alizaliwa Luofu, kusini mwa Lubero, kwa wazazi waliolima viazi. Alifika mjini akiwa kijana, mkononi ana brashi mbili na ujasiri wa kugonga milango ya wenye maduka. Kazi yake ya kwanza iliyojulikana ilikuwa kibao cha kinyozi. Alichora mteja mwenye sura nzuri kupita kiasi, na baada ya miezi michache kinyozi akamwomba arudi kumpunguza uzuri, kwa kuwa watu walikuwa wakitoka kitini, wakijitazama kwenye kioo, kisha wanatazama kibao na kudai kwamba kazi haijaisha.

Alipoajiriwa hapa, herufi bado zilikatwa kwa wembe na kubandikwa kwa gundi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa aliizunguka wiki nzima bila kuigusa, akisema anangoja wajuane. Walijuana. Nembo za shule, kadi za ndoa, vitenge vya yubile za parokia: vingi mnavyoviona mjini vilipita mikononi mwake. Wakati wa Ebola, kila mtu alipotaka kuchora fuvu la kichwa kwenye mabango, yeye alichora mama anamnawisha mtoto mikono. Alisema mtu aliyekwisha ogopa hahitaji kuogopeshwa mara ya pili.

Lakini tukiulizwa ni kazi gani moja inayomweleza Papa Muyisa, hatutabishana. Ni nembo ya sabuni ya Mama Berthe.

Mama Berthe alitoka Oicha. Kule, yeye na mume wake Syauswa walikuwa wakipika sabuni ya mawese, na wanunuzi wakiwafuata hadi uani. Syauswa aliuawa shambani na watu wenye silaha, na mjane wake akakimbilia Butembo pamoja na watoto na majirani kadhaa wanawake. Hapa walikodi ua, wakatafuta mapipa, wakaanza tena kupika. Mwaka 2021 alikuja kwetu, akakaa, akaweka kipande cha sabuni mezani pa Papa Muyisa.

"Nataka alama," alisema. "Mutu akiiona ajue ni ya kwangu."

Haikuwa tamaa ya urembo. Sokoni kulikuwa na sabuni nyingine ya rangi ileile na ukubwa uleule, iliyojaa soda mpaka inababua ngozi, na wauzaji walikuwa wakiiita ya Mama Berthe. Jina lake lilikuwa linaharibika, na wale wanawake hawakuwa na kitu kingine cha kuishi.

Papa Muyisa alimchorea mchikichi. Mama Berthe akautazama kwa heshima, akasema, "Ni muzuri, mais hapana." Akamchorea nguo nyeupe juu ya kamba na jua nyuma yake. Hapana. Akamchorea jina lake kwa herufi za mviringo kama povu. Hapana. Kila alipokuja, vijana wa chumba cha michoro waliinamia kazi zao ili wasiitwe. Siku moja mmoja wao, Jordy, alishindwa kuvumilia, akamuuliza anataka nini hasa.

"Kama ningejua, mutoto wangu, ningechora mi mwenyewe," alijibu.

Papa Blaise naye akachoka. "Papa Muyisa, huyu mama anatumalizia karatasi. Umuambie aende kwingine, tafadhali."

"Directeur, hakatai juu ya kiburi," alisema Papa Muyisa. "Kuko kitu anaona, mi sijakiona bado. Uniachie ye kidogo."

Juma lililofuata Mama Berthe alikuja, na hakuomba kuona mchoro. Mnunuzi mmoja alikuwa amemfuata mpaka nyumbani kumwonyesha viganja vilivyobabuka, akisema, tazama sabuni yako. Alikaa pale, mikono mapajani. Papa Muyisa aliweka kalamu chini, akamuuliza ni nani anayeijua sabuni yake tangu zamani.

"Bamama ba Beni," alisema. "Kule njo banainunuaka tangu tuko Oicha."

"Basi twende Beni, Mama."

Barabara ya Beni si ya kwenda kutembea tu, na mkewe, Mama Jokébed, hakuifurahia safari ile. Walikwenda hata hivyo, kwa gari la abiria, michoro yote na kipande kimoja cha sabuni vikiwa kwenye bahasha. Sokoni walimkuta Mama Agar, muuzaji wa siku nyingi. Papa Muyisa alitandaza karatasi zake mbele yake, moja baada ya nyingine, akangoja. Mama Agar hakuzitazama. Alichukua kile kipande cha sabuni, akakigeuza, akapitisha dole gumba juu yake, akakigeuza tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya kwangu," alisema Mama Berthe.

"Mais kidole iko wapi?"

Mama Berthe alisogea hatua chache, akawapa mgongo, akajifanya anapanga nyanya za jirani. Ni Mama Agar aliyemweleza Papa Muyisa. Syauswa, kabla ya kuachia sabuni zikauke, alikuwa akiminya kila kipande kwa dole gumba lake kuona kama kimeiva. Kishimo kilibaki. Wanunuzi walikizoea, wakawa wanaomba "sabuni ya kidole", na hakuna aliyejali maandishi.

"Sabuni batu banaishikaka na mukono, Papa," alisema Mama Agar. "Macho iko kwa bei."

Wakati wa kurudi, Mama Berthe alitazama nje ya dirisha njia karibu yote. Walipokaribia Butembo ndipo alipozungumza.

"Ile kidole nilikuwa naiona kila siku. Sikujua ni alama. Nilifikiri ni yeye tu."

Papa Muyisa alirudi kazini amejaa ari. Alichora duara refu lenye mistari ya kidole, chini yake jina Syauswa. Sote tulisimama nyuma ya kiti chake tukakubaliana kwamba hakuna nembo nzuri kuliko hiyo katika mji mzima. Mama Berthe aliitwa. Aliishika karatasi kwa muda mrefu, kisha akairudisha mezani polepole, kama anayerudisha kitu cha watu.

"Kidole ya Syauswa ilibaki Oicha," alisema. "Hii ni ya kuchora. Sitauzisha bwana yangu."

Papa Muyisa alituambia baadaye kwamba hakuna 'hapana' iliyomuuma kama ile, kwa sababu alikuwa ameupenda mchoro wake kiasi cha kusahau kuuliza. Lakini siku ile hakujitetea. Alizima kompyuta, akafungua kidau cha wino wa mihuri, akakisukuma mbele ya mama.

"Na sasa, sabuni ikiwa ingali laini, ni nani anaiminyaka?"

"Ni mi, mais kipande kimoja tu kwa kila pipa."

"Basi, Mama. Lete kidole yako."

Alisita. Dole gumba lake lilikuwa limeliwa na soda, mistari yake imefutika nusu, na katikati lilikuwa na kovu la waya wa kukatia sabuni. Alisema ni baya, liachwe, litafutwe la binti yake. Papa Muyisa alitikisa kichwa. Mama akaliminya kwenye wino, kisha kwenye karatasi, na alipoinua mkono ilibaki alama isiyofanana na ya mtu yeyote: ukingo mweusi, uwazi, na ule mstari wa kovu ukikata katikati.

Papa Muyisa hakuiremba. Aliisafisha tu, akaikuza, akaandika jina la Mama Berthe chini yake. Safari hii mama alivaa miwani.

"Hii, ndiyo," alisema. Tulipoanza kupumua, akaongeza, "Mais maandiko ni manene. Upunguze."

Tulicheka, na yeye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tunaona meno yake.

Papa Muyisa hakuishia kwenye karatasi. Alikwenda mwenyewe kwa fundi wa kalibu ya kukandamizia alama kwenye sabuni, akasimama naye mpaka kishimo kikawa cha kina cha kutosha, kwa kuwa nembo ya sabuni ina adui mmoja, nayo ni maji. Akachukua vipande vya kwanza nyumbani, Mama Jokébed akavifulia, na kile ambacho alama yake ilifutika upesi kilirudishwa kwa fundi.

Leo sabuni ile inauzwa Butembo, Beni na hata Oicha. Wanawake wa ule ua wameongezeka, na wamehamia mahali pakubwa zaidi. Sabuni mbaya bado iko sokoni, lakini wanunuzi hupitisha kidole kwanza. Na hapa kwetu kumebaki desturi. Mteja akisema hapana, hatusemi tena kwamba ni mgumu. Tunamvutia kiti.

Wapo waliojifunza kwake kukata herufi, wapo waliojifunza rangi. Jordy, ambaye sasa atakaa kwenye ile meza, anasema alijifunza kunyamaza, na kwamba bado hajamaliza. Tulipomuuliza Papa Muyisa atafanya nini akishapumzika, alisema kwanza atapita barabarani akitazama vibao vya watu bila kusahihisha hata kimoja. Mama Jokébed alisema hataweza.

Mashamba ya baba yake yako Luofu, na njia ya kule kwa sasa, kwa sababu ya vita, si ya kupita. Ndugu zake wengine wako hapa mjini, nyumbani kwake, wakingoja pamoja naye. Ameweka mbegu za viazi darini. Kila msimu unaopita bila kwenda huzipanda katika kipande kidogo nyuma ya nyumba, ili zisife, kisha huchagua nyingine na kuziweka.

Papa Muyisa, asante kwa miaka yote, kwa uvumilivu wako, na kwa wateja uliokataa kutuachia tuwafukuze. Mungu akupe afya, akulindie Mama Jokébed na nyumba nzima. Maisha yaliyo mbele yawe mema kwako, na njia ya Luofu ifunguke, ukapande mbegu zako katika udongo wake.

Kavira Précieux,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Imprimerie Tulizo, Butembo