Shairi la Marehemu Severa

Basi la kutoka Posta lilikuwa limefika Mnazi Mmoja Elieshi alipogundua kwamba wazee wawili wa kiti cha mbele yake ni washairi. Alikuwa amepakata miche miwili ya sabuni aliyoipangia foleni tangu asubuhi, na uchovu wa foleni haumzibi mtu masikio.

"Ukumbi mzima umesimama kukupigia makofi, Ndugu Theophil," alisema mwenye miwani. "Mbona umenuna?"

"Wilbert, lile shairi nilimtungia mke wangu wiki tuliyomzika. Kamati ikataka mashairi ya kilimo tu. Nikapima: Severa mizani tatu, Kahawa mizani tatu. Nikamtoa yeye, nikaweka zao. Kingine sikugusa."

Kwao Machame kahawa waliijua, Elieshi aliwaza, lakini hakuna aliyepata kuikalia matanga.

"Basi nisomee lile lenyewe," Wilbert alisema kwa upole. "Tusikie mimi na wewe tu."

Na mimi, Elieshi alijisemea, akainama mbele.

Theophil alikohoa, akafumba macho. "Sitakuacha, Kahawa, hadi udongo unile..." Akatikisa kichwa. Akaanza upya, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. "Sitakuacha, Ka..."

Kondakta aligonga bati. "Kariakoo, mwisho wa gari!"

Watu walisimama. Theophil alibaki kitini, mdomo wazi, na Wilbert akageukia dirishani. Elieshi alishuka na sabuni zake, jina la Severa likiwa ulimini mwake, asijue amwachie nani.