Misumari Katika Santuri za Magidu

Sogeeni, wanangu, Lawrence na Ketty, na wewe Hajara usisimame mlangoni kama mgeni. Zimeni simu. Nitasema mara moja tu, maana pumzi iliyobaki haitoshi kurudia, na hasira hii sitaki kuingia nayo kaburini.

Nilikuwa askari magereza hapa Jinja miaka ile ambayo mtu akisikia Kiswahili, lugha ya wanajeshi, nyuma yake alivuka barabara. Nikitoka kazini nilipitia kwa Magidu, fundi redio, baba yake Hajara, tukakaa nyuma ya duka lake kusikiliza santuri za Ilona Veresh. Mwanamke huyo alipiga konseto, muziki ambao piano moja hujibizana na okestra nzima ya fidla na tarumbeta. Wengine hupiga kama wanaogombana na okestra. Yeye, katika sehemu ya pili, ile ya polepole, wenzake wakinyamaza alikuwa anangoja, anangoja mpaka unadhani amesahau, kisha anagusa sauti moja laini, na wote wanamfuata. Magidu aliniambia, "Afande, huyu mama hashindani nao. Anawasikiliza." Nami niliyeshinda kutwa nikisikia milango ya chuma, pale nilikumbuka kwamba ni mtu.

Magidu alipougua ugonjwa uliomuua alinikabidhi santuri zake zote, nimtunzie Hajara mpaka apate kwake. Hiyo ni amana, na amana hailiwi.

Sasa nisikilize, Lawrence. Nilipolazwa hospitali uliingia chumbani mwangu ukazibeba mpaka Mbale, na Ketty ndiye aliyekufungulia. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukanialika kwenye ufunguzi wa baa yako, nikapanda taksi na mwili huu mgonjwa, nikijivunia mwanangu. Nikazikuta ukutani, zimepigiliwa misumari, tena si katika tundu la katikati, bali kwenye mistari yenyewe, pale sauti inapokaa. Watu wanapiga picha, wanasifu mapambo. Msichana wa kazi akaniletea karanga katika bakuli jeusi. Nikaligeuza, nikasoma jina la Ilona. Mliikunja santuri kwa moto ikawa chombo cha karanga. Nilipokuuliza ulisema, "Mzee, hiyo miziki yote iko kwa simu." Basi nitafutie na Magidu kwa simu.

Nyumba hii ya Bugembe, hapa pembeni mwa Jinja, ni yenu wawili, sawa kwa sawa, kwa kuwa sitaki hasira yangu iwale wajukuu. Gramafoni ni ya Hajara, pamoja na santuri moja iliyopona kwa sababu ilikuwa juu ya gramafoni siku zilipobebwa nyingine, na asisumbuliwe na mtu. Lawrence, misumari utaing'oa kwa mkono wako, si wa kibarua, na kila kipande utampelekea Hajara, hata yale mabakuli. Kisha utakaa kwake uisikilize santuri hiyo mpaka mwisho, hata pale inaponyamaza. Usipoweza kunyamaza nayo, usijitie kunililia.

Ketty, nishike mgongo... Maji, kidogo.

Nilitaka kukulaani, mwanangu. Tangu Mbale neno hilo liko mdomoni, nalitafuna. Marehemu mama yenu angenikataza... Mungu awape nyumba zenye utulivu. Awape... masikio. Lawrence, njoo. Mkono hauinuki tena, leta kichwa chako wewe. Inama... inama zaidi. Hapo.