Saa za Kuzurura za Zlatina Paunova

Wasikilizaji wapendwa, mlango wa jengo letu umebandikwa matangazo mawili ya kifo. Mawili, ya mtu mmoja. Picha ni ile ile. Jina ni lile lile: Zlatina Paunova, miaka hamsini na sita. Tangazo la kwanza ni la kaka yake. Linasema: "Baada ya mateso ya muda mrefu, ametutoka." La pili ni la mwanamke aliyekuwa akimsaidia. Linasema: "Alikuwa na mipango ya Jumamosi."

Leo ni arobaini yake. Asubuhi kaka yake amegawa ngano ya kuchemsha, chakula cha kumkumbuka marehemu, kanisani. Yule mwanamke amegawa ya kwake kituo cha mabasi. Mimi nimekula zote mbili.

Naitwa Milka Doneva. Miaka kumi na minne naendesha kipindi hiki cha kumbukumbu, na marehemu wengi wa mji wetu nimewasimulia nikiwa nimetulia tuli. Huyu wa leo ananinyima utulivu. Nimeandika mwanzo wa kipindi mara tano na mara tano nimeuchana. Fundi mitambo ananitazama kupitia kioo, nadhani anajiuliza kama nina homa.

Basi tuanze na yaliyo wazi.

Zlatina alizaliwa na ugonjwa wa misuli. Ulianza miguuni, ukapanda mgongoni, ukaja mikononi, mwishowe akabakiwa na mkono wa kulia kuanzia kiwiko kwenda chini. Akili haikuguswa. Ulimi ndio kabisa, ulikuwa wembe. Alipokuwa mdogo, kaka yake Radko alimbeba mgongoni kwenda shule, kupanda mlima na kushuka, mvua na theluji, miaka mitatu. Hilo naomba mlishike. Radko alimbeba mgongoni miaka mitatu.

Mama yao alipofariki, Zlatina alipelekwa Makao, nyumba ya kutunzia wenye ulemavu, kule juu kijijini. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Akakaa huko miaka ishirini na mitano. Hakupigwa, hakulazwa na njaa. Nilimwuliza mwenyewe, akaniambia hivyo.

"Shida ya Makao, jirani," alisema, "ni kwamba sikuwahi kuchelewa. Miaka ishirini na mitano, sikuchelewa mahali popote."

Kuamka saa kumi na mbili. Kuoga Jumanne. Na kuoga ni kwa mikono ya yeyote aliyekuwa zamu, awe mpole au awe amenuna.

Kisha Bulgaria ikapata sheria mpya ya wasaidizi. Wengi wenu mnayo majumbani, lakini nairudia kwa asiyeijua. Mwenye ulemavu hapelekewi tena mhudumu asiyemjua. Serikali inamlipia saa kadhaa za msaada kila mwezi. Saa ni zake. Msaidizi anamchagua yeye, kazi anapanga yeye, na akitaka kumwachisha, anamwachisha yeye. Saa ni zako, mtu unamchagua wewe. Zlatina aliposikia, aliomba atolewe Makao wiki hiyo hiyo. Akarudi kwenye nyumba ya mama yake, chini katika jengo letu, mkabala na mlango wangu.

Sasa, hapa kwetu sheria ile ilieleweka kwa namna moja tu: kazi imeletwa nyumbani. Mume anamwandikisha mke, mama anamwandikisha binti, na mambo yamekwisha. Mke wa Radko, Pavlina, alikuwa mfumaji kiwandani. Alikwenda kuaga kabla hata wifi yake hajafungasha nguo. Siku ya Zlatina kurudi akaja na banitsa ya moto, ile pai ya jibini, sinia zima. Nilikuwepo. Nilipewa kipande.

"Wifi, kiwandani nimeshaacha," Pavlina akasema. "Kuanzia Jumatatu ni mimi na wewe."

"Nani alikutuma?"

"Heh! Mtu hutumwa kumsaidia wifi yake?"

"Pavlina, banitsa yako haina mpinzani mji huu. Lakini ukiniogesha Jumatatu, Jumanne sokoni watajua nina makovu mangapi."

Radko akaingilia. "Damu ni nzito kuliko maji, dada."

"Ndiyo, kaka. Ndiyo maana watu huoga maji."

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Pavlina hakucheka. Alikuwa amekata kanzu kabla mtoto hajazaliwa, na aliporudi kiwandani, kwenye mashine yake alikaa msichana mwingine. Hilo nalo lishikeni. Pavlina alipoteza kazi, na hakuwa mtu mbaya.

Zlatina akabandika karatasi kituo cha mabasi: anatafutwa msaidizi. Wakaja saba. Sita walikuwa na vyeti vya kutunza wagonjwa. Wote aliwauliza swali moja: ukipotea njia, unafanyaje? Sita wakajibu kwamba watapiga simu, au watamwuliza mtu, au hawapotei kamwe. Wa saba alikuwa Kremena Toteva, dereva wa basi aliyefukuzwa kwa kugombana na ratiba.

"Naendelea mpaka nione kibao," Kremena alijibu.

"Umepata kazi."

"Ngoja kwanza, mama. Mimi sijawahi kumwogesha mtu."

"Mimi nimeogeshwa maisha yangu yote. Nitakufundisha."

Ofisini nako kulikuwa na shughuli. Fomu ilitaka aeleze saa zake atazitumiaje. Zlatina aliandika: kuoga, kupika, dawa, usafi. Halafu, kwa ule mkono wake mmoja, akaandika: kuzurura, saa ishirini. Bibi wa dirishani akavua miwani.

"Kuzurura wapi?"

"Nikijua wapi, nitakuwa nasafiri. Mimi nataka kuzurura."

"Mama, hapa hakuna nafasi ya kuandika kuzurura."

"Huko nilikotoka hakukuwa na nafasi ya kuandika kulia. Tulilia vile vile."

Yule bibi akaandika "shughuli za kijamii" na kugonga muhuri. Mpaka leo nampenda kwa hilo.

Wakapata gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate. Kremena alilichomelea ubao wa chuma wa kupandishia kiti cha magurudumu. Lilinuka mkate mpaka mwisho. Na tangu hapo, wasikilizaji wapendwa, yule mama asiyetembea akawa kiguu na njia. Leo Tryavna, kesho Sevlievo. Walisimama kando ya barabara wakinywa boza, kile kinywaji kizito cha nafaka. Walisimama nje ya harusi ya watu wasiowajua, wakaitwa ndani, wakala. Walipotea kwenye ukungu wakatokea kwenye shamba la mtu, wakarudi na malenge mawili. Asubuhi nilikuwa nawasikia chini ya dirisha langu.

"Washa moto, dereva, jua linaisha!"

"Funga mkanda, bosi, usije ukaruka dirishani."

Nilitaka sana kuwaambia kwamba alikuwa na sababu. Kwamba kulikuwa na rafiki anayemtembelea kwa siri, au mtoto, au kaburi. Nimeuliza, nimechimba. Hakuna. Alizurura tu, kama mimi na wewe tunavyozurura Jumapili bila mtu kutuuliza.

Novemba iliyopita alipata kikohozi. Daktari akamwambia mapafu yamechoka, na kila mafua ni hatari. Radko alikuja kumsihi. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia.

"Kaa ndani mpaka Machi tu, dada. Machi si mbali."

"Kaka, mimi nimeshasubiri. Nilisubiri miaka ishirini na mitano."

"Unataka nikuzike?"

"Nataka uje na sisi Jumamosi. Kuna kiti kimoja cha ziada, kile cha mwenye mikate."

Radko hakwenda. Aliandika barua ya malalamiko kwa ofisi ya wasaidizi. Aliomba Kremena aondolewe, na saa za Zlatina ziwe chini yake yeye, kaka mtu. Barua ilihitaji shahidi. Akaja mlangoni kwangu, kofia mkononi, machozi yanamtoka, mzee mzima. Barua ilisema kwamba shahidi amemwona jirani yake mgonjwa akitolewa nje kwenye theluji, tarehe fulani, saa fulani.

Nilitia sahihi.

Narudia, kwa sababu kipindi hiki ni cha ukweli. Mimi, Milka Doneva, nilitia sahihi. Sikumwuliza Zlatina. Nilivuka korido hiyo kila siku kumwomba chumvi, na siku ile sikuivuka kumwuliza.

Januari ikaja kamati ya ofisi hiyo, watu watatu. Wakakanyaga zulia lake na viatu vya theluji, wakamwuliza kama anaelewa hatari. Akawajibu kwamba hatari anaielewa kuliko wao, kwa kuwa amelala nayo kitanda kimoja tangu azaliwe. Wakasema watatoa uamuzi baadaye. Wakati wanafikiri, yeye aliendelea kuzurura.

Yaliyotokea Jumamosi ile ya Februari nimeambiwa na Kremena. Asubuhi ile ndiye aliyekataa.

"Bosi, leo hapana. Baridi inauma mpaka chuma."

"Saa ni za nani?"

"Ni zako."

"Basi?"

"Basi wewe ukifa, umepumzika. Mimi ndiye nitakayebaki nayo kichwani."

Kremena anasema katika miaka yote mitano ilikuwa mara ya kwanza kumwona Zlatina akitafuta neno.

"Hilo nalijua," akasema. "Ndiyo maana leo sikuamuru. Nakuomba."

Wakaenda. Walipanda mpaka juu ya milima, wakatazama theluji kupitia kioo, wakala soseji, wakarudi. Siku nne baadaye homa ikapanda. Ijumaa, hospitalini, mapafu yakakataa. Kremena anasema kesho yake walikuwa wamepanga kwenda Dryanovo.

Je, ile safari ndiyo iliyomuua? Daktari anasema huenda. Anasema pia huenda ni mtu yeyote aliyekohoa pale koridoni, na wasikilizaji wapendwa, wiki ile mimi mwenyewe nilikuwa nakohoa. Hakuna ajuaye. Nimetaka kujua mpaka usingizi umeniruka.

Radko nilimpigia simu jana. Alikubali niyaseme maneno yake. "Nilimbeba mgongoni miaka mitatu," alisema. "Leo dereva wa basi anifundishe mimi kumpenda dada yangu?" Nilipomuaga, hakukata simu. "Kile kiti cha ziada," akasema. "Kila Jumamosi walikiacha wazi. Kila Jumamosi, Milka."

Kremena hajitetei. "Sitasema sikumuua, kwa sababu sijui," aliniambia. "Ninachojua ni kwamba nilimpeleka alikotaka. Ukimpata mwingine aliyewahi kufanya hivyo, nijulishe."

Keshokutwa, Jumatatu, kamati inakaa. Inataka kumfuta Kremena kwenye orodha ya wasaidizi, asimsaidie tena mtu yeyote. Na kuna pendekezo kwamba kuanzia sasa, katika mji wetu, kila mwenye mapafu dhaifu saa zake zishikwe na ndugu zake. Nawajua watu wanne wanaosikiliza hivi sasa ambao jambo hilo litawafungia mlango. Juu kabisa ya faili hilo ipo barua, na chini ya barua ipo sahihi yangu.

Kwa Radko Paunov, pole sana, kaka yetu. Ulimbeba ulipoweza kumbeba. Kwa Pavlina, pole kwa wifi, na pole kwa kazi, ambayo hakuna aliyewahi kukupa pole kwayo. Kwa Kremena Toteva, pole. Kwenye ibada hukukaa na wafiwa, ulisimama mlangoni na koti lako la udereva. Mimi nakuhesabu miongoni mwa wafiwa.

Nanyi mnaonisikiliza, jengo lenu nalo lina mtu mnayemhurumia. Mnampelekea supu, mnamfungia dirisha, mnasema maskini. Mara ya mwisho mlimwuliza lini anataka kwenda wapi? Na akitaja mahali pasipofaa, mtamwandikia barua?

Lipo jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Siku iliyofuata baada ya kamati kuja, kengele yangu ililia. Alikuwa Zlatina kwenye kiti chake. Kremena alimsukuma mpaka mlangoni, akarudi nyuma akatuacha. Kwenye mapaja yake palikuwa na nakala ya ile barua. Mimi nilikuwa tayari na maneno yangu: nia njema, kaka yako alilia, mapafu yako. Hakunipa nafasi.

"Umeshuhudia vizuri, jirani," akasema. "Tarehe ni kweli. Saa ni kweli. Theluji ni kweli. Lakini umesahau kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Nilikuwa nacheka. Pazia lako lilikuwa wazi, uliniona. Ungeandika na hilo."

Akamwita dereva wake, wakaondoka.

Ni kweli, wasikilizaji wapendwa. Niliona. Kiti kilikwama kwenye theluji, Kremena akateleza akakaa chini, na Zlatina alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mbele ya kamati kuomba sentensi hiyo iongezwe. Wakiniambia faili likishafungwa haliongezwi neno, basi ninyi mmeshalisikia, na mlango wa ofisi ya kamati mnaujua.