Waya Uliomlaza Eric

Jumapili, tarehe tisa Machi, saa kumi na robo jioni, nilifika kijiweni Kebirigo nikiwa nimekunja ngumi. Kaka yangu Eric alikuwa amelazwa Kisii tangu jana yake, kifua kimembana, anatetemeka kwa homa. Alikuwa amevuta vepu, ile sigara ya umeme, baada ya kufungiwa koili mpya, ule waya wa ndani unaochemsha maji yake, papo hapo kijiweni. Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya kibanda cha Ochoki, fundi simu tunayemwita Volti. Gibson, aliyeshindwa uchaguzi wa wadi na bado anaitwa Seneta, alikuwa akimimina strungi, chai isiyo na maziwa. Mogire, yaani Profesa, alikuwa ameshatega kikombe. Sikumsalimia mtu.

— Volti, ulimfungia Eric waya gani?

— Persis, kaa kwanza. Chai?

— Sitaki chai. Waya gani?

— Alitaka omu ndogo, yaani upinzani mdogo wa umeme, wingu la mvuke liwe kubwa. Nikampa omu ndogo.

— Ulipima na nini?

— Mimi hupima na jicho.

Seneta akakohoa kama yuko jukwaani.

— Shida ni waya mwembamba. Mimi ningeng'oa ule wa jiko la umeme. Mnene, mizunguko michache, kwisha.

— Wewe hata stima walikukatia! Profesa akamcheka. Waya ni uzi wa gitaa. Tena gitaa la kanisa. Huo hauwezi kudhuru mtu.

— Kwani umeombewa? Seneta akauliza.

— Kila Sabato!

Wakacheka. Nikahisi masikio yanachemka.

— Sikilizeni. Upinzani ukishuka, betri inatoa umeme mwingi na waya unawaka. Ukiwa umepakwa zinki, kama ule wa boma la kuku, moshi wake unaleta homa na kubana kifua. Ndiyo maana nauliza.

— Hayo ni ya vitabu, akasema Seneta. Homa ya huku ni baridi ya mvua.

— Ama jicho baya, Profesa akaongeza. Kuna mtu alimwona akitoa lile wingu, roho ikamuuma.

— Profesa, Eric anapumua kwa mashine ya oksijeni!

Kicheko kikakatika. Mama alikuwa anakuja kutoka upande wa stendi, leso begani, moja kwa moja kutoka hospitalini. Wote wakasimama.

— Mong'ina, mama yetu, kaa hapa, Volti akasema, akipangusa benchi kwa kiganja.

— Sikai. Ile vepu niliitupa chooni kwa hasira, nikakosea. Sasa daktari anauliza alivuta waya gani. Ni upi, mwanangu?

Volti akainama, akatoa mkebe chini ya meza. Ndani yake vipande vya waya vilikuwa vimesokotana: vya hita, vya jiko, vya boma la kuku la mamake.

— Nilitoa humu.

— Upi?

Volti alichokora kile kifundo kwa kidole, akakiacha. Seneta alitazama strungi yake.

Asubuhi iliyofuata, jua halijatoka, nilimgongea Volti mlango. Alifungua akiwa na ndara, akaninyooshea mkebe.

— Mpelekee daktari, Persis. Achague mwenyewe.

— Vaa viatu. Utamwambia kwa mdomo wako kwamba hujui.

Akaanza kunieleza habari za omu. Nilisimama pale mlangoni, nimeuzuia kwa mguu, mpaka akamaliza kufunga kamba za viatu.