Ruta Iliyohama Nchi

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali sita, na kitasa chake bado kipo, humchoma kila mgeni anayekaa bila kuuliza. Liko mbele ya kibanda cha fundi viatu ambaye mtaa mzima humwita Kisigino, hatua ishirini kutoka dirisha la nyumba yake. Asubuhi hiyo, saa mbili na ushei, Kisigino hakuwa ameshika nyundo wala uzi. Alikuwa amepakata ruta ya mkewe, ile inayowaletea intaneti nyumbani, kama mtu aliyepakata kifaranga kilichonyeshewa. Waya wa umeme ulivutwa kutoka kibandani, taa mbili za kijani zilikuwa zinawaka vizuri tu, lakini tangu jana alasiri hapakuwa na simu hata moja iliyoliona jina la ruta hiyo. Na mkewe, ambaye watu humwita Nesi ingawa kwenye karatasi bado ni msaidizi wa wauguzi, alikuwa na mtihani saa nne kamili, mtihani wa kwenye kompyuta, wa kumvua huo usaidizi. Ukimpita leo, mwingine ni mwakani. Kutumia simu ndiyo usiseme: ndani ya nyumba ile simu hushika mtandao kwa kubembelezwa, tena uwe umesimama juu ya kiti. Nesi alikuwa ametoka alfajiri kwenda zamu, atarudi saa tatu na nusu, na hakuna aliyemwambia neno.

— Haijafa, alisema Bisibisi. Inazoea tu.

Huyu Bisibisi hutengeneza pasi na feni, na bisibisi yake hukaa mfuko wa shati kama kalamu ya karani. Ndiye aliyeing'oa jana ile programu ya kiwandani inayokaa ndani ya ruta na kuiamrisha, yeye anaiita fimwea, akaweka nyingine aliyoipata bure mtandaoni.

— Inazoea nini tangu jana? aliuliza Kisigino.

— Fimwea mpya! Hata wewe ukibadilishiwa ubongo jana, leo ungeamka unajua choo kiko wapi?

— Mimi ningebadilishiwa juzi, jana nisingekusikiliza.

Kocha akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Kocha ni dereva wa lori la mchanga. Aliwahi kuwa golikipa wa akiba darasa la sita, na tangu hapo hajaacha kutoa ushauri.

— Twende kwa ushahidi, alisema mzee aliyekaa mwisho wa benchi.

Huyo naye wanamwita Mzee Ushahidi. Alibeba mafaili ya mahakama miaka thelathini, akastaafu na tabia ya kuhukumu.

— Bisibisi, jana ulipoitia hiyo fimwea, ilikuuliza chochote?

— Mambo ya kawaida, mzee wangu. Lugha. Saa. Nchi.

— Nchi! Ukajibu nini?

Bisibisi akainua kikombe akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Nilichagua nchi moja ya kule kwenye theluji.

— Yetu ilikuwa na kasoro gani?

— Kila nchi ina sheria yake ya mawimbi. Kwetu ruta inaruhusiwa kunong'ona. Kule nimesoma inaruhusiwa kupiga kelele. Mimi nilitaka ipige kelele.

Mzee Ushahidi akafumba macho, akayafumbua.

— Basi kesi imekwisha. Ruta imehama. Mkataa kwao mtumwa! Sasa hivi ni raia wa huko, na simu zetu kwake ni wageni. Inazipita kama haizioni.

— Sasa mimi nifanyeje? aliuliza Kisigino.

— Viza.

— Viza ya simu, mzee?

— Mimi natoa hukumu. Utekelezaji si kazi ya mahakama.

— Hapana, hapana, mnasahau jambo moja, alidakia Kocha. Saa! Kule saa hizi bado watu wamelala. Na ruta imelala.

— Si hizi taa zinawaka!

— Kwani wewe hujawahi kulala na taa?

Kisigino aliziangalia zile taa. Na aibu iliyoje, kwa kitambo kidogo aliamini, hata akapunguza sauti asije akaiamsha vibaya.

— Wanaamka saa ngapi huko? alinong'ona.

— Ukipiga hesabu ya kwetu, saa tano.

— Mtihani ni saa nne, Kocha.

— Basi shemeji aombe wasogeze. Watu wazima wanaelewana.

Shangazi, mama anayewauzia kahawa na ambaye hajawahi kuwa shangazi wa yeyote kati yao, alipita na birika lake akimimina bila kuwatazama usoni.

— Mtu mzima nimtoe wapi kwenye benchi hili? alisema.

Kisigino hakucheka. Mwaka mzima mkewe alikuwa anajifunzia juu yake. Alifungwa bandeji mkono wa kushoto, akafungwa wa kulia, siku moja akafungwa kichwa chote hata mteja akamletea pole. Alikuwa akimsikia jikoni anakata vitunguu huku anataja mifupa kwa majina, na akikosea mmoja anarudi mwanzo, kitunguu kinangoja. "Sijui nitaweza, baba watoto?" "Utaweza." "Umejuaje?" "Mimi mwenyewe sasa nayajua mafupa yote, sembuse wewe." Sauti hiyo ilikuwa masikioni mwake sasa, nayo ilimchoma kuliko sindano ya kushonea soli.

— Turiseti, alisema Bisibisi. Kuna kitundu hapa nyuma. Unabonyeza sekunde thelathini, unaachia thelathini, unabonyeza tena thelathini. Lete kitu chenye ncha.

Kisigino akatoa msharasi wake wa kutobolea ngozi. Bisibisi akabonyeza. Kocha akahesabu kwa sauti ya refa.

— Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Eh, mnamkumbuka yule namba kumi na nane wetu? Ule mguu wake wa kushoto...

— Hesabu!

— Tulikuwa wapi?

Walianza upya mara tatu. Mara ya tatu walifika thelathini zote tatu. Taa zikazima, zikapepesa, zikawaka. Kila mtu akachungulia simu yake. Hakuna kitu.

— Hicho kitundu chenyewe ndicho tatizo, alisema Mzee Ushahidi. Mtandao unavujia hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi, si una gundi?

Kisigino akalisukuma kopo la gundi nyuma ya mguu wake.

— Labda inasikia joto, alisema Kocha. Imezoeshwa theluji ghafla, halafu mnaianika juani. Mimi lori langu likichemka nalimwagia maji.

— Usithubutu!

— Nasema kitambaa tu. Kitambaa kibichi.

Mzee Ushahidi tayari alikuwa amechovya leso yake kwenye ndoo ya kuoshea vikombe, na Kisigino akageuka ubavu akaikinga ruta kwa mgongo.

— Sogea, mzee wangu, tafadhali! Haina homa!

— Umeipima?

Ikakaribia saa tatu na nusu. Bisibisi akafungua kompyuta yake ya mapajani, ile iliyofungwa kwa utepe wa gundi kwenye bawaba.

— Jamani, dawa ya moto ni moto. Naiwekea fimwea nyingine juu ya hii. Ninayo hapa, ya ruta za toleo la pili.

— Na ruta hii ni toleo la ngapi? aliuliza Kisigino.

Wakaigeuza. Karatasi ya chini ilikuwa imefutika, limebaki jina la rangi na kipande cha namba.

— Haijalishi sana, alisema Bisibisi. Ni nusu kwa nusu. Ikikubali, inapona papo hapo.

— Ikikataa?

— Ikikataa... basi. Litabaki sanduku la plastiki. Utawekea misumari.

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, alisema Mzee Ushahidi.

— Sisi sote tuko nyuma yako, Kisigino! alisema Kocha.

— Nyuma ndiko kwenye njia ya kukimbilia, alisema Shangazi.

Kidole cha Bisibisi kikashuka taratibu kuelekea kwenye kitufe. Kisigino aliyatazama macho ya wenzake, akaona yanang'aa kama ya watu walioketi kutazama penalti. Hakuna hata jicho moja lililokuwa na mtihani ndani yake. Akavuta waya wa umeme, ruta ikazima yote.

— Ebo! Umefanya nini? Nilibakiza kidogo tu!

— Ruta si yangu, na si yako. Mwenyewe anakuja. Ataikuta kama ilivyo, na mimi atanikuta kama nilivyo.

— Mwenyewe hana habari, fundi!

— Atazipata.

Hakumaliza kusema. Nesi alikuwa ameshakunja kona, sare ya wodi mwilini, mkoba begani, anatembea mbiombio kama mtu anayejisomea moyoni. Akaiona ruta mapajani mwa mumewe, mwendo ukapungua.

— Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba watoto, hiyo imefuata nini huku nje?

Watu wazima wanne wakatazama vikombe. Kisigino alijaribu, akaishia kusema "Mke wangu" mara mbili. Ikabidi Bisibisi aeleze: fimwea, theluji, kelele, msharasi. Nesi alimsikiliza kama anavyowasikiliza wagonjwa wazee, bila kumkatiza, mpaka maneno yakamwishia mwenyewe.

— Sawa, alisema. Wodini kwetu mtu akiletwa, kabla hatujamgusa tunamuuliza anaumwa wapi. Hii ruta kabla hamjaipasua ilikuwa inaumwa wapi?

Kocha akajikuna goti. Bisibisi akaitoa bisibisi mfukoni, akairudisha.

— Haikuwa inaumwa, alisema Kisigino. Ilikuwa nzima. Ila mawimbi yake yalikuwa hayafiki hapa. Yanaishia pale kwenye ngazi ya nyumba. Walitaka... tulitaka kutazama mpira tukiwa tumekaa hapa.

Nesi akaangalia dirisha la nyumba yake. Akaangalia ngazi. Akaangalia ule mlango na matofali yake sita.

— Basi kwa nini hamkusogeza benchi?

Mzee Ushahidi alifungua kinywa. Methali zote alizozibeba miaka thelathini pamoja na mafaili zilikataa kuja. Kocha alihesabu matofali kwa macho, akayahesabu tena. Shangazi akaliinamisha birika juu ya kikombe cha Bisibisi, likatoa tone moja, na hilo moja likachukua muda wake.

Nesi akaichukua ruta akaingia ndani. Kisigino akamfuata, mikono mitupu. Alimwona akiirudisha mezani, akiunganisha ule waya unaotoka ukutani, kisha akatoa kwenye mkoba waya mwingine, mrefu, wa buluu.

— Huo ni wa nini?

— Chuo wamekataza waifai siku ya mtihani, inayumba. Kila mtu atumie waya. Nimeuazima kwa karani wa masjala.

Akachomeka ncha moja kwenye ruta, nyingine kwenye kompyuta. Kioo kilikaa cheupe, cheupe, cheupe, halafu likatokea jina la mkewe, majina yote matatu, na chini yake saa ikihesabu dakika zilizobaki.

— Kumbe ni nzima! alisema Kisigino.

— Imepoteza sauti tu. Mngeiongezea dawa nyingine?

— Bisibisi alikuwa ameshashusha kidole.

— Nani alimzuia?

— Nilichomoa waya.

Nesi akavuta kiti.

— Kwako leo nina maneno mengi, baba watoto. Hilo limeyapunguza kidogo. Sasa toka. Na hao wenzako nasikia kila neno kutoka hapa.

Kweli, dirishani ilikuwa inaingia sauti ya Kocha, anaapa kwamba benchi halisogezeki kwa sababu ya mteremko, na Mzee Ushahidi anadai ramani ya mteremko. Kisigino akatoka mbio.

— Imeshika? wakauliza wote.

— Imeshika. Simameni.

— Inafika hapa? aliuliza Bisibisi, simu mkononi.

— Simameni, nasema! Kocha, shika huko.

Wakaubeba mlango. Mzee Ushahidi akachukua matofali mawili akinung'unika kwamba hajasomewa shtaka, Bisibisi akachukua manne, Shangazi akatangulia na vikombe. Walipita bomba la maji, wakapita ukuta wa jirani, na kila Kocha alipouliza "Hapa?", Kisigino aliangalia nyuma kulitafuta dirisha, akaliona bado, akasema "Bado." Walipofika mahali ambapo dirisha halionekani wala halisikii, akasema basi.

— Lakini huku hata simu haishiki kitu, alisema Bisibisi, akiinua yake juu.

— Mtazungumza.

Akarudi peke yake. Akakaa kwenye ngazi chini ya dirisha na kiatu cha mtu mapajani, akaiweka nyundo kando, akatunga uzi kwenye sindano. Kule ndani vitufe vya kompyuta vilikuwa vinagongwa polepole, vinatulia, vinagongwa tena, na kila vilipotulia na yeye alisimamisha sindano.